WANAOZIPA BIASHARA SURA

Katika jarida hili la chama chetu cha Kiswahili tumezoea kusoma makala kuhusu udaktari, uanasheria na urubani, kazi ambazo wengi wetu tunaziota usiku na mchana. Sina neno nazo. Ila mwaka huu nimeomba nafasi nieleze kazi inayolisha nyumba yetu, kazi ambayo kila mmoja wetu huiona njiani akija shuleni bila kujua kwamba ni kazi. Nazungumzia ofisi ya usanifu, yaani pahali ambapo biashara inayoanza hutafutiwa nembo, rangi, bango, kadi na karatasi zake zote. Mama yangu anaendesha ofisi ya namna hiyo hapa Machakos mjini, chumba kimoja tu cha orofani, si mbali na soko la Marikiti. Nami kwa kuwa ni mwanafunzi wa kutwa, jioni huwa nimefika hapo kusaidia, na likizo karibu zote zinaniishia huko. Ninayoyaandika basi si ya kusikia.

Zamani kazi hii ilikuwa ya fundi mwenye brashi na makopo ya rangi. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Aliandika majina ya maduka, hoteli na matatu kwa mkono, na herufi zake zilinyooka kama zimepigwa rula. Mama alijifunza kwa kumshikia makopo. Baadaye akasomea usanifu chuoni Nairobi, akafanya kazi kwa wapiga chapa wa River Road, kisha mwaka 2019 akarudi nyumbani akafungua ofisi yake: meza, kompyuta moja, printa moja na kijana mmoja wa kusaidia.

Alipofungua, alitegemea kadi za harusi. Machi 2020 korona ikaingia nchini, harusi zikasimama, na kadi zikaisha kabisa. Kilichookoa ofisi kwanza ni mabango ya "Nawa mikono" na "Vaa barakoa". Halafu wakaanza kuja watu waliopoteza kazi Nairobi wakarudi vijijini kuanza upya. Huyu anaoka mikate nyumbani, yule anapika sabuni ya maji, mwingine anapeleka mboga mlangoni kwa bodaboda. Wote walitaka kitu kimoja: biashara iliyozaliwa jana ionekane kama biashara ya kweli leo. Hapo ndipo mama alipogundua wateja wake ni nani. Ni biashara chipukizi.

Watu wakisikia biashara chipukizi hufikiria vijana wa Nairobi wenye kompyuta na miwani. Ni kweli wako. Ushahidi ilianzishwa 2008, iHub ikafunguliwa Nairobi 2010, na hata hapa kwetu Rais Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza Januari 2013. Hao hutafuta kukua haraka, ikiwezekana nchi nzima kwa miaka michache. Lakini katika wateja kumi wa mama, tisa ni watu wa kawaida: muuza chakula cha kuku kutoka Masii, kinyozi, mwenye saluni, mama wa maziwa ya mtindi. Kwa macho yangu tofauti yao ni ndogo. Wote wana wazo, hawana jina, na hawana pesa.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Mtu huingia akauliza, "Mama, nembo ya duka utanichorea dakika ngapi?" kana kwamba ananunua mandazi. Mama humpa kiti, halafu anamfungulia mvua ya maswali. Nani atanunua? Atakuwa anatembea au yuko ndani ya matatu akiona bango lako? Jirani zako wamepaka rangi gani? Watu watakuita nani wakikutaja kwa jirani? Miezi mitatu ya kwanza utakula nini? Swali hili la mwisho huwashangaza wengi, lakini mama husema ndilo linalompa picha ya kiasi cha kazi anachoweza kumfanyia mtu huyo bila kumfilisisha.

Nitatoa mfano. Mwaka jana alikuja bwana mmoja anayeuza maji yaliyosafishwa. Ninyi mnajua shida ya maji Ukambani, biashara hiyo haikosi mnunuzi. Alitaka kila kitu buluu, na tone la maji katikati. Mama akamuuliza kama kuna wengine wanaouza maji mtaani kwake. Wako wanne. Wamepaka rangi gani? Buluu, wote, na tone. Basi hata mteja akifurahia maji yako, kesho atamtuma mtoto, na mtoto ataingia kwa jirani. Yule bwana akasema tupake manjano. Mama akacheka akamwambia, "Maji ya manjano nani atakunywa, mzee wangu?" Mwishowe walikubaliana nyeupe na kijani kibichi, na badala ya tone akachorewa mtungi wa udongo. Leo watoto wanatumwa "kwa mtungi". Mchoro wa ule mtungi ulichukua nusu saa. Maswali yalichukua asubuhi nzima.

Yako pia mambo ya ufundi ambayo hayana mjadala. La kwanza ni ukubwa wa herufi. Mafundi wa mabango wana kanuni yao: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita mbili na nusu hivi. Kama unataka mtu aliye mita thelathini ng'ambo ya barabara asome jina lako bila kukodoa macho, herufi lazima zifike sentimita ishirini na tano. Nenda sasa ukaangalie mabango ya mjini kwetu. Utaona mtu amebana jina, simu, bei, picha ya mkewe na aya ya Biblia katika bango moja, na hakuna kinachosomeka. Babu alikuwa akisema bango si barua.

La pili ni rangi. Wateja wengi hugombana na mama kwa sababu rangi waliyoipenda kwenye simu imetoka tofauti kwenye karatasi. Hakuna aliyewaibia. Kioo cha simu au kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga wa aina tatu: mwekundu, kijani na buluu. Karatasi haina mwanga wake. Hutegemea wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na mweusi. Kuna rangi kali, hasa kijani cha kung'aa na rangi ya chungwa, ambazo mwanga unaweza kuzitoa na wino wa kawaida hauwezi. Kwa hivyo mama haonyeshi mteja rangi kwenye kompyuta peke yake. Humchapia kipande kidogo akashika mkononi, akakitoa nje juani.

La tatu ni aina ya mchoro. Ukichukua picha ya simu ukaikuza iwe bango la duka, itageuka vijisanduku vijisanduku, kwa sababu imeundwa kwa vitone viitwavyo pikseli na idadi yake haiongezeki. Nembo huchorwa kwa njia nyingine inayoitwa vekta, ambapo kompyuta haiweki vitone bali huweka mistari na mikunjo kwa hesabu. Ukitaka nembo ya kadi ya milimita 85 kwa 55 iende kwenye ukuta wa ghala, hesabu inafanywa upya na ukingo unabaki safi. Hizo hesabu za grafu na mikunjo tunazozilalamikia darasani, ndugu zangu, zina kazi. Mama hutumia CorelDRAW, na mimi nimejifunzia Inkscape kwa sababu haiuzwi.

Lakini si ufundi unaoangusha ofisi kama hii. Pesa ndizo zinazoiangusha, na hapa ningependa msomaji atulie.

Sisi Wakamba hatukuanza jana kuuza kazi ya mikono. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, akarudi nyumbani akaanza kuchonga vya kuuza, na wenzake wakamfuata hadi Wamunyu ikajulikana ulimwenguni. Hata hivyo mchongaji ana bahati moja. Twiga wake yuko mezani. Mnunuzi anamshika, anampima kwa macho, anatoa pesa. Msanifu anauza kitu ambacho bado hakipo. Mnunuzi analipia kichwa cha mtu, na akishaonyeshwa mchoro tu, anaweza kuupiga picha kwa simu akaondoka nao.

Tupige hesabu kama tulivyofundishwa katika somo la Biashara. Kila mwezi ofisi ya mama inahitaji kodi shilingi 7,000, stima 2,000, intaneti 3,000 na mshahara wa msaidizi 12,000. Jumla ni 24,000 kabla nyumba yetu haijapata hata unga. Nembo moja ni shilingi 4,000. Kwa hivyo nembo sita zinamaliza gharama. Lakini nembo moja, pamoja na maswali na marekebisho, huchukua kama siku tatu, basi sita ni siku kumi na nane. Mama hufanya kazi siku ishirini na sita kwa mwezi. Zinabaki siku nane za kutafuta chakula, karo yangu na karo ya ndugu zangu wawili. Nembo mbili na nusu hivi, shilingi elfu kumi. Tena hapo nimefanya kana kwamba wateja wamepanga foleni, na kila mmoja analipa.

Ndiyo maana ukija ofisini utakuta tunafanya kazi ndogo ndogo ambazo wasanifu wakubwa wangezidharau: vitabu vya risiti, mihuri, na hasa stika za namba za kulipia. M-Pesa ilianza 2007, Lipa na M-Pesa ikaja 2013, na siku hizi hata muuza mboga anataka namba yake ibandikwe vizuri juu ya meza. Stika moja haina faida ya kusimulia, lakini analipa papo hapo. Ninawapenda sana wateja wa stika.

Mteja wa biashara chipukizi kwa kawaida si mwizi. Ni kwamba yeye mwenyewe anangoja. Anangoja mkopo, anangoja mvuno, anangoja mfadhili aliyeahidi. Anamwambia mama, "Tusaidiane, biashara bado changa." Mama akikubali kumfanyia kazi kwanza, amegeuka benki bila riba na bila dhamana, naye hana akiba ya benki. Na biashara nyingi mpya hufa mapema. Ikifa, deni linazikwa nayo.

Nilikuwa kidato cha pili walipokuja vijana watatu kutoka Nairobi, wamevaa vizuri na wanazungumza vizuri zaidi. Walitaka kuunda programu ya simu ya kuwaunganisha wakulima wa maembe wa Machakos na Makueni na wanunuzi. Wazo lilikuwa zuri, mimi mwenyewe nililipenda. Walitaka nembo, sura za kurasa zote za hiyo programu, mabango na fulana. Bei ilifika shilingi 86,000. Walitanguliza 10,000, na kwa kinachobaki wakaahidi hisa, sehemu mbili kwa mia ya kampuni yao. Walituhadithia habari ya mchoraji wa Marekani, David Choe, aliyechora kuta za ofisi ya Facebook mwaka 2005 akakubali hisa badala ya pesa, na mwaka 2012 hisa hizo zikakadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni mia mbili hivi.

Hadithi ile ni ya kweli. Wiki sita mama na msaidizi wake walifanya kazi hiyo. Shilingi 31,000 za kupiga chapa mabango na fulana alizitoa mfukoni mwake. Baada ya miezi minne simu za wale vijana hazikupatikana tena. Kampuni siitaji, na sidhani ipo. Ukiondoa zile 10,000, mama alipoteza shilingi 21,000 taslimu, kodi ya miezi mitatu kamili, na wiki sita za maisha yake. Muhula ule nilikaa nyumbani siku tisa za shule kwa ajili ya karo. Wenzangu wa darasa wanakumbuka. Waliniletea daftari zao jioni ninakili, nami nawashukuru hapa mbele ya shule nzima.

Choe anasimuliwa kwa sababu yuko mmoja. Waliopewa hisa za kampuni zilizokufa hawasimuliwi na mtu. Mimi nampenda zaidi Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi huko Oregon mwaka 1971 alipochora ile alama ya Nike tunayoiona kwenye viatu, ya kweli na ya bandia. Alilipwa dola 35. Ni kidogo, lakini alilipwa. Mwaka 1983, kampuni ilipokuwa kubwa, ilimwita ikampa hisa kama shukrani. Mama hupenda mpangilio huo: pesa kwanza, hisa baadaye wakipenda.

Tangu wakati ule ofisi ina karatasi moja ambayo kila mteja hutia sahihi, hata akiwa shangazi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi inasema arbuni ni nusu ya bei, na penseli haishikwi kabla haijaingia. Gharama ya kupiga chapa inalipwa yote mbele, kwa kuwa mpiga chapa hamngojei mtu. Marekebisho ni mawili. La tatu lina bei yake. Hili la marekebisho lilizua maneno mengi mwanzoni. Kuna mteja aliyebadilisha rangi mara kumi na moja, kila siku akija na maoni ya mtu mwingine wa nyumbani kwake, hadi ya mlinzi. Marekebisho yalipowekewa bei, maoni ya mlinzi yakaisha. Na mchoro wa kuonyesha huwa umepigwa maandishi mepesi katikati; ulio safi hutoka baada ya shilingi ya mwisho.

Iko sababu ya kisheria pia, nayo watu wengi hawaijui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa na mteja, haki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Mtu angedhani aliyechora ndiye mwenyewe, kumbe la. Kwa hiyo karatasi ya mama inaeleza wazi kwamba haki inabaki kwake hadi malipo yakamilike, ndipo inahama. Bila mstari huo mmoja, asiyelipa angeweza kudai kwamba nembo ni yake.

Mteja naye ana la kujua. Kusajili jina la biashara kwa serikali hakulindi nembo. Nembo husajiliwa peke yake kama alama ya biashara katika taasisi ya KIPI, na usajili huo hudumu miaka kumi, kisha unaweza kufanywa upya. Bango la nje nalo kaunti hulitoza ada, basi usitundike kwanza ukauliza baadaye. Na tafadhali usiombe uwekewe ngao ya taifa ili duka lako lionekane la maana. Sheria inakataza kutumia alama za taifa katika biashara bila idhini, na mama ameshawarudisha watu wawili kwa sababu hiyo. Mmoja aliuza viazi.

Mtauliza, kwa masharti haya yote wateja hawakukimbia? Wengine walikimbia, tena miezi miwili ya kwanza chumba kilikuwa kimya hadi nikaogopa. Walioenda kwa wachoraji wa bei ya chini hawakurudi wote, nisiwadanganye. Lakini waliobaki ni wale waliokuwa na nusu ya pesa mkononi, na mtu mwenye nusu ya pesa mkononi mara nyingi ana mpango pia. Yule bwana wa mtungi ni mmoja wao. Sasa ana vituo vitatu vya maji, na kila akifungua kimoja anakuja na arbuni kabla hajaombwa. Mama hamhoji tena, humtengea chai.

Kwa anayetaka kujifunza kazi hii, somo la Sanaa litakufaa shule ikiwa inalo. Isipokuwa nalo, Biashara na Kiswahili vinatosha kuanzia. Nasema Kiswahili kwa sababu mabango mengi mjini yana makosa. Nimehesabu "tunauza mafuta ya kupigia" kwenye kioski kimoja, bila shaka walitaka kusema ya kupikia, na mama alimwandikia mwenye kioski bango jipya kwa nusu bei kwa kuwa hakuweza kuvumilia.

Jalada la jarida hili ulilolishika lilichorwa katika chumba hicho hicho. Mwalimu mlezi wa chama alileta arbuni nusu kama mteja mwingine yeyote. Kamati ilibadilisha rangi mara ya kwanza, ikabadilisha picha mara ya pili. Walipotaka mwenge uhamishwe upande wa kushoto, ililazimu kuchangishana.